Kipindi cha Pili Kilikuwa Changu

Nilikuwa nafunga nati za tairi la lori nilipojiona kwenye televisheni, nikiitwa kwa jina la mtu mwingine.

Sitanii. Nilikuwa mimi kabisa. Miguu yangu, makalio yangu, na ule mtindo wangu wa kukaa chini sana kabla mpira haujaanza.

Mtangazaji akasema, "Mtazameni huyu kijana Tavion Desormeaux. Kipindi kizima cha pili hakuna aliyempita. Huyu anaenda kucheza ligi ya kulipwa, mtakuja kuniambia."

Spana ikanidondoka.

"Yule ni mimi," nikasema.

Gereji nzima ikacheka. Bosi wangu, mzee Broussard, alicheka mpaka akakohoa.

"Na mimi ni gavana wa Louisiana," akasema. "Funga tairi, Cort."

Nikafunga tairi. Nati moja niliifunga mara tatu, macho yako kwenye televisheni.

Ngoja nieleze kidogo ili twende pamoja.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki. Mimi na Tavion tulikuwa watu wa mstari wa mbele, wale wanene mnaowaona wakisukumana katikati wakati wenzao wanakimbia na mpira na kupigiwa makofi. Sisi mpira hatuugusi. Kazi yetu ni kusimama mbele ya mrushaji, yule mwenzetu anayerusha mpira, na kuhakikisha hakuna mtu anamfikia. Ukifanya vizuri, hakuna anayekujua. Ukikosea mara moja, uwanja mzima unamtukana mama yako.

Tavion alisimama kushoto, upande ambao mrushaji akirusha haoni nani anakuja. Hapo huwekwa mtu wa kuaminika. Mimi nilikuwa mbadala wake, yaani nilikaa benchi miaka yote ya chuo nikila barafu.

Sababu ni mikono. Tavion anaweza kufunga kamba za viatu bila kuinama sana. Mimi yangu ni mifupi, na kwenye kazi yetu anayefika kwanza kifuani kwa mwenzake ndiye anayeshinda. Hilo wanalijua wote, na mimi nililijua tangu nikiwa mdogo.

Chuo chetu ni kidogo. Kila msimu ukianza tunapelekwa kwenda kupigwa na chuo kikubwa, wao wapate ushindi wa bure na sisi tupate nauli. Lakini mechi hiyo moja ndiyo wasaka vipaji wa ligi ya kulipwa wanayoitazama. Ukimshinda mtoto wa chuo kidogo mwenzako, hawana habari. Wanataka kuona ulifanya nini siku uliyokutana na wakubwa.

Siku hiyo jua lilikuwa la kuua mtu. Kabla ya mapumziko Tavion alitapika, misuli ikamkaza, akalazwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na dripu mkononi. Nikaingizwa mimi.

Mchezo wangu wa kwanza tu, yaani mara ya kwanza mpira kuanzishwa nikiwa ndani, jitu moja la wale wapinzani linaitwa Dray Mabry likanishika shingoni na kunichania jezi mpaka kitovuni. Huyo Mabry alikuwa anasifiwa nchi nzima. Sanduku la jezi za akiba lilikuwa kwenye basi, na dereva wa basi alikuwa ameenda mjini kula, na funguo kaenda nazo.

Mtunza jezi wetu akamvua Tavion jezi yake akiwa palepale amelala, akanivalisha mimi. Refa aliambiwa. Watangazaji sijui kama waliambiwa.

Basi nikacheza kipindi chote cha pili mgongoni nimeandikwa Desormeaux. Mabry alinitukana, alinitemea mate, alinikanyaga vidole. Hakupita. Tulifungwa vibaya vilevile, tukala mikate ya baridi kwenye basi, na wiki iliyofuata Tavion akapona na mimi nikarudi zangu benchi. Lilikuwa jambo la kuchekea tu. Hakuna aliyefikiri kwamba ule mkanda wa video wa mechi utakuja kutembea nchi nzima.

Sasa chuo kimeisha, mimi niko gereji, na kazi pekee kubwa niliyowahi kufanya duniani ina jina la rafiki yangu.

Niliumia, jamani. Nisijifanye mwanaume. Niliingia chooni pale gereji nikalia.

Nikamfuata kocha Thibaut ofisini kwake. Alikuwa anakula wali na maharage mekundu kwenye kopo, hakuacha kula.

"Kocha, umeona televisheni?"

"Nimeona."

"Yule ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilikuwepo, au umesahau?"

"Basi waambie."

Akaweka kijiko chini.

"Nikiwaambia, wanamfuta Tavion. Halafu wanakuita wewe, wanapima mikono yako, wanakufuta na wewe. Nitakuwa nimezika wawili kwenye jeneza moja. Chuo hiki hakijawahi kutoa mchezaji wa ligi ya kulipwa, Cort. Hata mmoja."

"Lakini ile kazi ni yangu."

"Nani amekataa? Kazi ni yako. Jezi ndiyo haikuwa yako."

Nikatoka pale nimechoka kama niliyebeba gari. Nikampigia Tavion. Alikuwa Texas, wakala wake kampeleka huko akafanye mazoezi. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe, nikaona ameusoma, kimya.

Hapo ndipo hasira ilipopanda.

Nikaapa. Kila mwaka kabla ya ligi kuchagua wachezaji wapya, wasaka vipaji huja chuoni kupima vijana waliomaliza: urefu, uzito, mikono, mbio. Ukiwa umemaliza chuo hapo, hakuna wa kukuzuia kupanga mstari. Nikasema siku hiyo nitasimama mbele yao niseme kwa mdomo wangu.

Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja anaitwa Renfrow, wa timu ya huko kaskazini kwenye theluji. Alikuwa ameshakuja kumtazama Tavion mara kadhaa, na timu nyingine zilikuwa zinamfuata nyuma kama kunguru wanavyofuata trekta. Renfrow akiinama kuokota kitu, wote wanainama.

Nikaanza mazoezi. Nikitoka kazini nasukuma pikapu ya mzee Broussard uwanjani pale mbele ya gereji, yeye yuko ndani ananiongoza kwa matusi. Nakula, nasukuma, nalala.

Mama akaniangalia siku moja mezani.

"Mwanangu, unakula kama mtu anayekimbizwa."

"Nakimbizwa kweli, Mama. Hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho."

"Basi kaseme. Haki yako haina haja ya kuogopa mtu."

Nikawa tayari kabisa. Nilikuwa nimeyapanga mpaka maneno.

Jioni ya kuamkia siku ya vipimo, nasikia mlango unagongwa. Nafungua, Tavion huyu hapa. Kajaa mlango mzima, kofia mkononi.

"Ulikuwa unaona nikipiga?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naona."

"Na hupokei."

"Ningesema nini, Cort?"

"Ungeanza na shikamoo tu, mengine yangefuata."

Hakucheka. Akaingia, akakaa kwenye kochi la Mama, kochi likalia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho baada ya vipimo Renfrow ananiingiza kwenye chumba," akasema. "Anaweka mkanda, anasimamisha kila mchezo, ananiuliza hapa ulikuwa unawaza nini, kwa nini ulifanya hivi. Ndivyo wanavyofanya kwa watu wa mstari. Na ameshasema anataka kipindi cha pili."

"Mwambie ulikuwa unawaza dripu."

"Bwana, usinifanyie hivyo."

"Mimi ndiye nakufanyia?"

Akainamisha kichwa. Nilikuwa nataka kumpiga, na nilikuwa nataka kumkumbatia. Sijui kama mmewahi kupatwa na hali hiyo.

"Sikuwaambia ni mimi," akasema. "Haki ya Mungu. Walikuja tu wakaniambia, ule mchezo wako ulikuwa mzuri sana. Nikasema asante. Nilidhani wanaongelea kipindi cha kwanza. Nilipokuja kujua, wakala kashasaini, shangazi Odile kashatangaza kanisani, watu washaanza kunishika mkono. Ningetokea wapi?"

Shangazi Odile ndiye aliyemlea. Alikuwa tayari ameagiza magunia ya kamba wa mtoni kwa ajili ya sherehe ya siku ya kuchaguliwa.

"Nimeutazama ule mkanda mpaka kichwa kinauma," akaendelea. "Kuna mahali unamwacha mtu anapita kulia kwako, halafu wewe unageukia kushoto ambako hakuna mtu. Kwa nini?"

Mdomo wangu ukajibu kabla sijauruhusu.

"Kwa sababu yule wa kulia alikuwa chambo. Angalia mguu wake wa nyuma, hauna uzito. Mabry ndiye aliyekuwa anazunguka aje kushoto."

"Unaona sasa," Tavion akasema taratibu. "Mimi nisingeyajua hayo hata nikitazama mwaka mzima."

Akaigeuza kofia yake mikononi.

"Niambie nisiende," akasema. "Ukisema nisiende, siendi. Narudi kwa shangazi leo hii namwambia yote."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima nikisukuma pikapu.

Lakini nilipomzika baba, mbeba jeneza mmoja hakutokea. Kaka yangu mwenyewe, alikuwa amelewa. Tavion alitoka kwenye viti vya nyuma bila kuitwa, akashika upande wa mbele, akambeba baba yangu mpaka kaburini. Hatukuwahi kuliongelea. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu, ukisema hapana unajisikia kama umemvua nguo.

"Simama," nikamwambia. "Sogeza meza."

Tukapanga viti vya Mama sebuleni, kila kiti mchezaji. Nikamfundisha kila mchezo wa kipindi cha pili. Nilimfundisha vizuri, tena kwa ukali. Akikosea namrudisha mwanzo. Nikamwambia Mabry akitaka kupita ndani lazima kwanza atazame pembeni, kama mwizi anayejifanya anatafuta choo. Nikamwambia wapi niliogopa, wapi nilikisia tu, wapi niliteleza nikapata bahati.

Tukafika sehemu moja akanisimamisha.

"Hapa unasubiri akupige yeye kwanza, ndipo unamshika mikono. Kwa nini unasubiri?"

"Kwa sababu simfikii. Mikono mifupi."

"Mimi namfikia. Nitasemaje?"

Tukafikiri.

"Sema ulikuwa umechoka," nikamwambia. "Ukaona aje yeye."

Akalirudia jibu hilo mpaka likamkaa mdomoni.

Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alisikia kila kitu.

"Umempa haki yako," akasema.

"Nimempa kipindi kimoja cha mpira, Mama."

"Hukuwa na kingine."

Akazima taa ya jikoni akaenda kulala.

Asubuhi nikaenda kwenye vipimo hivyohivyo. Nilijiambia labda nitakimbia vizuri, labda watanitazama kwa haki yangu mwenyewe. Nikavua shati, nikanyoosha mkono ukutani, jamaa akapima kutoka begani mpaka kwenye kidole. Akataja kipimo kwa sauti. Wale mabwana waliokuwa wanaandika wakaacha kuandika. Mmoja akafungua soda.

Tavion alipovua shati, kalamu zote zikaanza tena.

Nikakimbia, nikaruka, nikasukuma. Ningeweza kuruka paa la uwanja, hakuna ambaye angegeuza shingo. Mwili waliokuwa wanautaka ni wa Tavion, mchezo waliokuwa wanautaka ni wangu, na walidhani vyote viko kwa mtu mmoja.

Nikaenda kunywa maji. Renfrow akaja kusimama pembeni yangu. Mzee mrefu, kofia imefifia kwa jua, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Cort Guillory."

"Unacheza wapi?"

"Nyuma ya Desormeaux."

Akatafuna.

"Mwaka wote ulikuwa nyuma yake?"

Mlango ulikuwa huo, uko wazi, hakuna mtu mwingine karibu. Nikaangalia upande wa pili wa uwanja. Tavion alikuwa amesimama peke yake anasogeza midomo, anarudia majibu niliyomfundisha.

"Mwaka wote, mzee," nikasema.

"Haya," akasema Renfrow, akatema ganda, akaondoka.

Tavion aliingia kwenye chumba akakaa sana. Mimi nilikuwa kwenye maegesho nimeegemea gari la Mama, naomba dua ambayo sikuijua ni ya nini hasa. Alipotoka alikuja mbio, jitu zima, akaninyanyua kama mtoto.

"Nimejibu yote," akaninong'oneza. "Yote, Cort. Hakuna nililokosa."

Nikafurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi kuliko siku niliyocheza mwenyewe.

Siku mbili tatu baadaye niko gereji, naona gari la kukodi linaingia. Anashuka Renfrow.

"Tairi la mbele linahitaji upepo," akasema.

Nikapima. Tairi lilikuwa na upepo wake mzima.

"Ongeza tu," akasema. Nikachuchumaa, naye akasimama juu yangu anatafuna.

"Kazi yangu, kijana, ni kutazama makalio ya wanaume wanene. Mke wangu ananicheka mpaka leo. Lakini nimeyatazama miaka mingi, na nikuambie kitu: jezi ni nguo tu. Mtu anakaa chini kwa namna yake, hakuna anayemuiga. Yule wa kipindi cha kwanza akichoka ananyooka. Yule wa kipindi cha pili akichoka anazidi kukaa chini. Ni watu wawili. Nilijua tangu nilipotazama mara ya kwanza. Nilipokuona unapimwa mikono, nikajua wa pili ni nani."

Sikuinua kichwa. Nilikuwa nimeshikilia bomba la upepo tu.

"Sasa kama ulijua," nikasema, "ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kusikia sentensi moja. Mwili ule wa Desormeaux haupatikani dukani, na miguu inafundishika. Nilikuwa tayari kumchukua kwa kile kipindi chake cha kwanza, na ubovu wake wote. Nilitaka tu nimwekee mkanda, aniambie, mzee, huyo si mimi, huyo ni Guillory. Basi. Nilimwachia nafasi kila mchezo."

"Kwa nini hiyo sentensi?"

"Kwa sababu kwenye mstari mtu akikosea lazima aseme palepale, ni mimi, ili wenzake wajue pa kuziba. Asiposema, mchezo unaofuata mrushaji anavunjwa mbavu. Mwongo anaweza kucheza nafasi nyingine yoyote, ila siyo hiyo."

Akatema ganda.

"Na alijibu vizuri mno. Mpaka ile ya kusubiri. Mtu mwenye mikono ya kugusa dari ananiambia alisubiri kwa sababu amechoka. Hilo lilikuwa jibu la kufundishwa, na aliyemfundisha ni mwalimu hasa. Laiti angebabaika, ningemuuliza zaidi, na pengine angesema."

Nikasimama.

"Mzee, nimemfundisha mimi. Niliyemfunga mdomo ni mimi. Mwite tena. Muulize upya, mbele yangu."

"Swali la namna hiyo huulizwa mara moja."

"Mzee, nakuomba. Shangazi yake ameshatangaza kanisani."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Na wewe nilikuuliza pale kwenye maji," akasema.

"Ningesema ungenichukua?"

Akatazama mikono yangu, kisha akatazama barabarani.

"Hapana. Natamani ningeweza kukudanganya. Ila ungemwokoa yeye."

Akapanda gari akaondoka.

Niliwaza kumpigia Tavion. Nikachukua simu, nikairudisha. Nilijidanganya kwamba zipo timu nyingine, kwamba si kila mtu ana macho ya Renfrow. Nikabaki na tumaini hilo, nikalishikilia kwa meno.

Siku za kuchagua zikafika. Uani kwa shangazi Odile sufuria kubwa zilikuwa zinachemka, kamba wa mtoni, mahindi, viazi, pilipili ya kukutoa machozi. Kanisa lote lilikuwepo. Simu ya Tavion iliwekwa katikati ya meza kwenye sahani safi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Majina yakaanza kuitwa kwenye televisheni. Ya siku ya kwanza hatukuyategemea, wala ya siku ya pili. Siku ya mwisho ndiyo yetu, ndivyo kila mtu alivyosema. Majina yakaitwa, yakaitwa. Timu ya Renfrow ikamchagua kijana wa Nebraska ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, na zile timu zilizokuwa zinamfuata nyuma nazo zikapita zao.

Simu ikalia mara moja. Uani kote watu wakasimama. Alikuwa mama yangu, anauliza kama alete barafu.

Jina la mwisho likaitwa. Baada ya hapo huwa timu zinapiga simu kuwaokota waliobaki, kwa hiyo tukasubiri na hizo. Shangazi Odile aliendelea kujaza sahani za watu ambao walikuwa wameshashiba zamani. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, wanamshika bega Tavion, wanasema Mungu ana mpango wake.

Tavion akanikuta nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya maganda.

"Nilijibu yote, Cort," akasema. "Si nilijibu kama ulivyonifundisha? Nilikosea wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Mngenilaumu? Lakini nilikuwa nimechoka kumpa majibu ya uongo.

Nikamwambia. Renfrow alivyokuja gereji, alivyojua tangu mwanzo, sentensi aliyokuwa anaisubiri. Nilisema yote bila kumtazama.

Alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Kwa hiyo ningesema tu ni wewe."

"Ndiyo."

"Ningechukuliwa."

"Ungechukuliwa."

Akajifuta uso kwa mkono uliojaa pilipili, macho yakazidi kumtoka machozi, akacheka kidogo kwa uchungu.

"Nilitaka kusema," akasema. "Ule mchezo wa kwanza tu, Renfrow aliusimamisha akaniangalia, akanyamaza. Nikaona anajua. Sentensi ilikuwa hapa, Cort, kwenye ulimi. Nikakukumbuka ulivyopanga viti vya mama yako. Ulivyotoka jasho. Nikasema moyoni, huyu kaniachia kila alichokuwa nacho, sasa mimi nikisema ukweli nitakuwa nimemtupia zawadi yake usoni."

Nikageuza ndoo nyingine, nikakaa pembeni yake.

Sasa Tavion anaendesha trela la kubeba mbao, mimi bado niko kwa mzee Broussard. Anapita gereji, nambadilishia matairi, tunaulizana habari za wazee. Mpira hatuuongelei, na televisheni ikiuonyesha mmoja wetu huwa anapata sababu ya kutoka nje.

Ninalowaachia ni hili. Mpende mwenzako, mlishe, mbebe ukiweza. Ila akija kukuomba umsaidie kusema uongo, usimhurumie mpaka ukamfundisha vizuri. Mwache ababaike. Kwenye kule kubabaika, mtu bado ana nafasi ya kusema kweli, na mimi rafiki yangu nilimnyang'anya nafasi hiyo kwa upendo.